Alexandria siku moja: shemeji yenu alipanda treni na mpini wa fagio

BintiWaUjiji

Wakuu, salaam. Niliahidi mrejesho wa safari ya Alexandria, nikaambiwa nisiupachike kwenye uzi wa watu. Basi huu hapa wangu. Ni mrefu, anayetaka picha tupu apite.

Kwa wasionijua, mimi na shemeji yenu tupo Kairo mwaka wa pili sasa. Yeye yuko masomoni, mimi nafundisha Kiswahili kwa mtandao. Wiki nzima tulibishana kuhusu safari hii. Yeye alitaka planetaria, lile jumba la nyota la pale Maktaba ya Alexandria. Mimi nilitaka mawe: makaburi ya chini ya ardhi, nguzo, ngome. Nyota nimezizoea toka utotoni, tena za bure, ukilala kwenye mkeka uani. Siku tunayo moja tu, treni ya asubuhi na kurudi usiku. Tukakata shauri: asubuhi yangu, alasiri yake.

Usiku wa kuamkia safari namkuta jikoni anakata mpini wa fagio. Futi kamba iko sakafuni, kisu cha mkate mkononi. Namuuliza, baba, vipi? Ananijibu, "Kesho ni Juni 21." Basi, kama vile nimeelewa.

Mjue amepanda nao ule mpini kwenye treni pale Ramses, stesheni kuu ya Kairo. Mita moja kamili, umefungwa uzi, na kwenye uzi kuna ufunguo wa kabati letu. Mama mmoja mbele yetu alimwangalia, akaniangalia mimi, akanipa pole kwa macho.

Tumeshuka kituo cha mwisho, teksi moja kwa moja Kom el Shoqafa. Hapa ndipo pangu. Makaburi haya ya karne ya 2 yalifunuliwa mwaka 1900, baada ya punda kutumbukia shimoni. Wasomi wamepita juu yake miaka na miaka, aliyeyaibua ni punda! Unashuka ngazi za kuzunguka kama konokono, katikati kuna kisima kikavu ambacho maiti ziliteremshwa kwa kamba. Chini kuna ukumbi wenye vitanda vya mawe pande tatu. Ndugu wa marehemu walikuja kula humo, wamejiegemeza, na wafu wao ukutani. Jina lenyewe maana yake ni kilima cha vigae. Inasemekana watu walikuja na vyombo vyao vya kulia, na kwa kuwa vyombo vilivyotumika makaburini havirudi nyumbani, wakavivunja palepale.

Nikasimama mlangoni pa chumba kikuu. Anubis, yule mungu wa Kimisri mwenye kichwa cha mbweha, amechongwa kavaa deraya ya askari wa Kirumi. Mungu wa watu kavishwa sare za wakoloni! Nilisimama hapo mpaka shemeji yenu akaanza kuangalia saa.

Halafu nguzo. Wanaiita ya Pompey, jemadari wa Kirumi, lakini haimhusu. Iliwekwa kwa heshima ya Diocletian, mfalme wa Roma, mwishoni mwa karne ya 3 hivi. Ina kama mita 27 ukihesabu na kitako na kichwa. Nguzo yenyewe ni jiwe moja, granaiti nyekundu. Nikauliza limetoka wapi. Mlinzi akasema Aswan.

Shemeji yenu aliposikia Aswan akageuka kama aliyeitwa kwa jina. "Ndiyo kisima chenyewe!" Nitawaeleza. Nikoroge chai kwanza.

Shuka Hapohapo

Uzi umeshanoga, naweka kambi. Ila dada, fagio la ndani limekosa nini jamani?

Ticha Jiografia

Juni 21, Aswan, kisima, fimbo. Nimeshajua shemeji anaelekea wapi. Eratosthenes. Ngoja niwawekee msingi wakati dada anakunywa chai.

Huyu bwana alizaliwa Kurene, leo ni Libya, akawa mkuu wa maktaba ya kale ya Alexandria karne ya 3 kabla ya Kristo. Alipata habari kwamba kule Syene, ndiyo Aswan ya leo, siku jua linapofika mwisho wake wa kaskazini, saa ya adhuhuri linamulika mpaka chini ya kisima. Yaani liko juu ya utosi, kitu kilichosimama hakina kivuli. Siku hiyohiyo Alexandria kivuli kipo, na pembe yake ni sehemu ya 50 ya duara. Umbali kati ya miji miwili ulikadiriwa kuwa stadia 5,000, kipimo cha urefu cha Wagiriki. Zidisha kwa 50, unapata 250,000, ndiyo mzunguko wa dunia. Urefu wa stadia moja unabishaniwa mpaka leo, ila kwa kadirio lolote mzee hakuwa mbali. Fimbo, kivuli, na kugawanya. Basi.

Wenzake walimtania kwa jina la Beta, herufi ya pili ya Kigiriki, kwa sababu kila fani alikuwa wa pili.

BintiWaUjiji

Asante Ticha, umeniokoa. Hiyo Beta nitaitumia nyumbani.

Sasa tuko Corniche, barabara ya baharini, ng'ambo ya maktaba. Bahari mbele, na kushoto kule mwisho wa ghuba unaiona ngome ya Qaitbay. Ilijengwa miaka ya 1477 hadi 1479 pale ulipokuwa mnara wa taa wa kale, ule wa maajabu saba. Ngome tuliishia kuitazama kwa mbali, na hilo bado nina neno nalo. Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko, aliuona mnara mwaka 1326 umeshabomoka upande mmoja, akarudi 1349 akakuta hata mlangoni hapafikiki. Katikati ya safari hizo mbili alifika Kilwa, 1331. Huwa nafurahi kuwaza kwamba macho yaliyouona mnara ule ndiyo yaliyoiona Kilwa.

Tukatafuta mahali sakafu iko sawa. Kulikuwa na mzee anauza chai kwenye kitoroli, tukamwomba tusimame ubavuni pake upepo upungue. Shemeji yenu anasimamisha fimbo, mimi nashika uzi wenye ufunguo kuhakikisha haikuinama. Saa sita kamili akasema weka alama. Nikaweka alama ya chaki, tukapima: sentimita 28.

Akaduwaa. Kwa hesabu zake ilitakiwa iwe kama nusu ya hapo. Akanishuku nimeshika uzi vibaya. Nikamshuku kakata mpini vibaya. Tukapima mpini: mita moja. Hapo tukakaa kimya kama dakika tano, ile kimya yenu ya wanandoa mnayoijua.

Aliyetuokoa ni mzee wa chai. Akaonyesha alama ya chaki kwa kidole cha mguu, akaonyesha ncha ya kivuli. Kivuli kilikuwa kimeshaiacha alama, kimerudi nyuma kuelekea kwenye fimbo. Bado kilikuwa kinapungua!

Misri majira ya joto wanasogeza saa mbele kwa saa nzima. Saa ya mkononi ilikuwa sita, ya jua bado ni tano. Tukaagiza chai.

Konda Mstaafu

Hahaha! Kimya cha wanandoa na fimbo mkononi, barabarani, ugenini. Mzee wa chai alistahili nauli.

Nyundo ya Kwanza

Dada, huo uzi wenye ufunguo kwetu site unaitwa timazi. Shemeji ana akili ya fundi, fimbo isiponyooka vipimo vyote vinakuwa porojo. Ila upepo wa baharini unachezesha timazi. Ungeichovya ile ncha nzito kwenye ndoo ya maji, inatulia. Ndivyo tunavyofanya ghorofani.

BintiWaUjiji

@Nyundo nimeipokea hiyo ya ndoo. Sisi nilikuwa naikinga kwa mtandio.

Basi tukawa tunaweka alama kila dakika tano. Hapa ndipo nilipoanza kuipenda shughuli yenyewe, nakiri. Unaona alama zinakaribiana, zinakaribiana, mpaka huoni tofauti kati ya moja na inayofuata. Saa saba na dakika kama mbili kivuli kikasimama. Halafu kikaanza kurefuka upande wa pili. Kifupi kuliko vyote: sentimita 14. Na ncha yake si kali kama nilivyodhani. Ina ukungu wa karibu sentimita nzima, hujui ukate wapi.

Kumbe jana yake shemeji yenu alimpigia mdogo wangu aliye Kigoma, wakapanga bila kuniambia. Mdogo Mtu yumo humu, aseme mwenyewe.

Mdogo Mtu

Nipo. Habari wakubwa.

Shem alinipigia akaniambia tafuta fimbo ya mita moja na sehemu iliyo sawa. Nikatumia bomba la maji, uani kwa mama, juu ya sakafu ya kuanikia. Huku Juni mvua hakuna, jua lilikuwa safi. Saa saba na dakika tatu nne hivi kivuli kikawa kifupi kabisa, sentimita 54. Kimelala kuelekea kusini. Mama aliuliza kama tunapima kaburi.

Ukungu wa ncha unatokana na jua lenyewe. Jua si nukta, ni duara lenye upana wa karibu nusu nyuzi (nyuzi za pembe, zile 360 za duara), kwa hiyo ukingo mmoja wa jua unakata kivuli hapa na mwingine pale. Nilichukua katikati.

Ticha Jiografia

Subirini kwanza. KIGOMA? Nimefungua ramani sasa hivi. Alexandria iko longitudo 29.9 mashariki, Kigoma 29.6. Hawa watu wako karibu kabisa kwenye mstari mmoja wa kaskazini na kusini! Aswan yenyewe iko 32.9, nyuzi 3 pembeni. Mzee Eratosthenes alikosea hapo, aliichukulia Syene kuwa kusini kabisa mwa Alexandria. Yaani Kigoma ingemfaa kuliko Aswan.

Na kwa majira haya Misri ikishasogeza saa, saa zao na zetu zinalingana. Ndiyo maana wote wawili wamepata adhuhuri saa saba na dakika chache.

Tupige hesabu. Kivuli 14 kwa fimbo 100, kwa tanjenti pembe ni nyuzi 8. Kivuli 54 kwa 100, pembe ni 28.4. Kimoja kimelala kaskazini, kingine kusini, maana yake jua lilikuwa katikati yao, kwa hiyo tunajumlisha: 36.4. Umbali kutoka Alexandria mpaka Kigoma kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 3,990. Duara zima ni 360, gawanya kwa 36.4, zidisha kwa 3,990.

Jibu: kilomita 39,460 hivi. Kipimo halisi cha kupitia ncha za dunia ni 40,008. Mmekosea kwa chini ya asilimia 2. Kwa mpini wa fagio na bomba la maji.

Shuka Hapohapo

Mimi tanjenti niliiacha kidato cha tatu na sitaki kuonana nayo. Hakuna njia ya watu?

Nyundo ya Kwanza

Ipo. Chora pembetatu kwenye karatasi ya grafu. Simamo sentimita 10, kitako sentimita 1.4 kwa ile ya Alexandria, 5.4 kwa Kigoma. Unganisha, weka kipimapembe kule juu. Sisi mapaa tunayapata hivyohivyo.

Mzee wa Mashaka

Niwaharibie sherehe kidogo. Huo umbali wa 3,990 mmeutoa wapi? Ramani. Ramani imechorwa na nani? Na watu ambao tayari wanajua ukubwa wa dunia. Sasa mmepima nini hapo? Mmechukua jibu, mmelizungusha, mmelirudisha mlipolitoa.

Halafu la pili. Hata dunia ikiwa bapa kama chapati, na jua likawa karibu, vivuli vingetofautiana vilevile.

BintiWaUjiji

@Mzee wa Mashaka la kwanza nimelisoma mara tatu, nimempa shemeji yenu naye kalisoma, ametoka kwenda kununua mkate. Una haki. Tulichofanya ni kuhakiki, hatukupima. Eratosthenes walau alikuwa na umbali ambao haukutoka kwenye jibu lenyewe.

La pili namwachia Ticha.

Ticha Jiografia

La kwanza na mimi nimekunja mkia. La pili hapana. Kwa vituo viwili tu una hoja, ndiyo maana tunaongeza cha tatu. Siku ile jua lilikuwa juu ya utosi kwenye Tropiki ya Kansa, Aswan iko jirani yake kidogo tu. Chukua dunia bapa. Alexandria iko kama kilomita 860 kutoka mstari ule, na pembe ambayo kipimo kizuri kingeipata ni 7.8. Urefu wa jua unatoka kama kilomita 6,300. Kigoma iko kama kilomita 3,140 kutoka mstari uleule, pembe 28.3. Urefu wa jua unatoka 5,800. Jua ni moja, saa ni moja. Lipi tulishushe?

Mzee wa Mashaka

Nimekuelewa. Ya kwanza ni yangu lakini.

Konda Mstaafu

Hiyo ya kwanza mimi nina dawa yake. Nimepiga barabara ya Dodoma–Babati miaka mingi, kupitia Kondoa. Inapanda kaskazini karibu moja kwa moja. Umbali usichukue kwenye ramani, chukua kwenye mita ya gari, ni kama kilomita 250. Mtu mmoja Dodoma na fimbo, mwingine Babati.

Ticha Jiografia

Konda, nimeangalia: Dodoma 35.74, Babati 35.75. Umeniacha mdomo wazi. Ila kuna mtego. Kati ya miji hiyo kuna nyuzi 2 tu. Ukikosea nusu nyuzi, na ule ukungu wa ncha unaujua, umekosea robo ya dunia. Fimbo ndefu, mita 3 angalau, itapunguza kosa la rula, ila ukungu nao unakua, kwa hiyo chukueni katikati yake kama Mdogo Mtu, na kona za Kondoa mzipunguze kwenye hesabu. Si lazima iwe Juni 21 pia. Siku yoyote yenye jua, mradi iwe siku moja kwa wote wawili.

BintiWaUjiji

Mnapanga safari kwenye uzi wangu na planetaria bado sijaisimulia!

Maktaba mpya ilifunguliwa 2002. Ni duara kubwa limeinamishwa kuelekea baharini, na ukuta wake wa nje wa granaiti, nao pia wa Aswan, umechongwa herufi za maandishi ya dunia nzima. Nilizunguka natafuta ninazozijua mpaka shingo ikauma. Planetaria iko uwanjani mbele yake, tufe jeusi linaloonekana kama limening'inia shimoni. Tiketi yake ni ya peke yake, na ulizeni saa za maonyesho mapema, kuna wenzetu walifika mlangoni wakakuta limeshaanza. Chini ya tufe kuna makumbusho ya historia ya sayansi. Madogo, wengi wanayapita. Msiyapite.

Ndani unaegemea kiti, taa zinafifia polepole, na kabla hujajua, ukuta haupo. Nilimshika mtu mkono, nikaomba Mungu awe ndiye wangu.

Walipotuonyesha anga la Alexandria la usiku huo, ile Nyota ya Kaskazini ilikuwa imesimama nyuzi 31 juu ya upeo. Nyuzi 31 ndizo latitudo za mji wenyewe. Mimi Kigoma sijawahi kuiona maishani, iko chini ya upeo. Nikatafuta Msalaba wa Kusini, ninaoujua toka mkekani. Haupo. Baada ya onyesho nikamfuata kijana wa mitambo, nikamuuliza kwa Kiarabu changu cha sokoni. Akacheka, akawasha tena, akarudisha anga nyuma zaidi ya miaka 2,000. Nyota zikateleza, na kule kusini, juu ya bahari ya viti, Msalaba ukachomoza.

Akanieleza kwamba mhimili wa dunia unayumba kama pia ya watoto inayokaribia kuanguka, mzunguko mmoja miaka kama 26,000, na anga la kila mji linahama nao. Enzi za Eratosthenes watu wa Alexandria waliuona Msalaba. Ptolemy, yule mnajimu wa karne ya 2 wa hapohapo mjini, aliziandika nyota zake ndani ya kundi la nyota la Kentauri. Na Ptolemy huyohuyo kwenye jiografia yake aliutaja mji wa Rapta, pwani yetu.

Hapo ndipo nilipoacha kuhesabu nusu yake na nusu yangu. Nguzo yangu imetoka kwenye kisima chake. Nyota zangu ziko kwenye kitabu cha watu wa mawe.

Sikumwambia hivyo lakini. Nilimwambia ananidai ngome.

Mdogo Mtu

Dada, mama anauliza bomba lake la maji litarudi lini bombani.

Konda Mstaafu

Jumamosi ya wiki ijayo nina mzigo wa Babati. Nani yuko Dodoma na fimbo ya mita 3?

Nyundo ya Kwanza

Niko Dodoma, Konda. Nondo ninayo, timazi ninayo. Ndoo nitaazima.

Shuka Hapohapo

Dada, mpini ulirudi nao lakini?

BintiWaUjiji

Tulimwachia mzee wa chai, aliupenda. Alisema kesho yake angejaribu mwenyewe. Fagio halina mpini mpaka leo, na zamu ya kufagia wiki hii ni ya Beta.